Vumbi Linalorudi Jumatatu

Jumapili, 9 Juni
Naitangazia dunia, au angalau daftari hili: leo baada ya misa, jiwe la marehemu baba limepigwa mswaki. Alilitoa mgodini mwenyewe siku aliyostaafu. Asbesto tupu, madini ya nyuzi, yenye manyoya meupe kama ndevu za mzee. Kila nyumba mjini kwetu ina jiwe lake juu ya kabati, lakini langu ndilo zuri kupita yote. La shemeji Gaétan limeota kipara.

Binti yangu Maryse kapiga simu. Atahamia kwangu na kichanga tarehe mosi Julai, siku ambayo Kebeki nzima inahama. Sharti: asbesto iliyozungushwa kwenye mabomba ya joto huko chini ya nyumba itolewe na mkandarasi mwenye leseni, hewa ipimwe, cheti kitoke. La sivyo, anakwenda kwa mama mkwe wake Montreal. Mjukuu wangu! Montreal!

Jumanne, 11 Juni
Mkandarasi wa nini? Baba alishinda ndani ya vumbi hilo, akakohoa maisha yake yote, na hakulalamika hata siku moja. Nimemwita Gaétan. Kaja na kisu cha jikoni na skafu puani. Kabla hajakata, Maryse kapiga simu ya video. Kaona skafu. Kasema, "Baba, hebu mpe mjomba simu." Mjomba alikuwa ameshapita dirishani. Nusu yake.

Ijumaa, 14 Juni
Kaja Bi Lisette Vaillancourt, mkandarasi. Nimemnong'oneza afanye kazi nusu, cheti anipe kizima. Kauliza kama mjukuu wangu naye atapumua nusu. Sikucheka.

Mchana wakashuka watu wake, wamevaa meupe tupu na barakoa, hawana nyuso. Wameziba ngazi kwa plastiki, wakawasha mashine ya kuvuta hewa. Plastiki inaingia ndani, inatoka nje. Nyumba inapumua! Nimehamia kwa Gaétan, jiwe kwapani.

Jumapili, 16 Juni
Wamemaliza, nimerudi. Kule chini hewa ni safi. Kesho watapima sebuleni, Maryse kang'ang'ania. Leo ni Siku ya Akina Baba. Jiwe limepigwa mswaki mara mbili, kwa heshima.

Jumatatu, 17 Juni
Sebule imefeli! Na juu ya kinanda kuna vumbi jeupe ambalo jana asubuhi halikuwapo. Nyuzi nyembamba zinaelea kwenye mwale wa jua, hazitui, kana kwamba zinamsubiri mtu. Zimejaa zaidi upande wa kiti cha baba.

Jumatatu, 24 Juni
Wiki nzima Lisette kasafisha, na vumbi halikuonekana. Gaétan anasema mzee anataka kitu. Basi jana nikalihudumia jiwe, nikamwomba baba atulie, nikamwekea kitini sahani ya maharagwe.

Asubuhi maharagwe yalikuwa na utando wa vumbi jeupe juu. Hayakuliwa. Yamefunikwa tu, taratibu, kama mtu anavyofunikwa shuka. Hewa imefeli tena. Nimekaa jikoni nikiimba kwa sauti.

Ijumaa, 28 Juni
Lisette kafunga mapazia, kamulika tochi ubavuni mwa ukuta. Mwanga ukafuata vumbi: kinanda, kiti, kabati. Ukasimama kwenye jiwe. Kauliza, kwa sauti ya chini sana, kama huwa naligusa. Nikajibu kwa fahari: kila Jumapili, kwa mswaki laini!

Kavaa barakoa. Kisha kasema, "Mzee Fernand, unamchana nywele mwuaji." Jiwe limeondoka ndani ya mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Nimelisindikiza hadi garini, kofia mkononi.

Jumapili, 30 Juni
Sebule imesafishwa na kupimwa jana, imefaulu. Cheti kimo kwenye fremu, juu ya kabati. Lakini kando yake pana pengo linalotia uchungu.

Jumatatu, 1 Julai
Gaétan naye anahama leo, chumba kipya hakina kabati. Kaniachia jiwe lake. Limeziba pengo sawasawa! Nimelisugua kwa nguvu, mjukuu alikute linang'aa.

Maryse kafika adhuhuri, kasimama mlangoni. Kasoma cheti. Katazama kilicho kando yake. Kichanga hakushushwa hata garini.

Nadhani kakerwa na kile kipara. Jumapili nitajaribu mswaki mgumu zaidi.

Mjukuu wangu anaishi Montreal.