Ombi la Kuandikwa Ndege ya Kikosi cha Nne

Sakariye Ogle,
Kibarua namba 31,
Manowari Imara,
nje kidogo ya Balambala, Garissa.

Jumanne, tarehe 12 Mei 2026. Leo ni miezi tisa na siku ishirini na nane tangu niondoke nyumbani Griftu kwa kazi ya miezi minne.

Kwa Mheshimiwa Kamanda Mkuu,
Kamandi ya Ndege za Wanamaji.

Mheshimiwa,

KUH: RUHUSA YA KWENDA KUMWOZESHA BINTI YANGU, NA NJIA YA KUIPATA

Assalaam aleikum. Natumaini wewe ni mzima na vita vya Visiwa vya Sirawa unaviendesha vizuri. Huku redio inatuambia tunashinda kila siku. Mimi ni mtu wa beleshi na wilbaro. Shule niliiacha darasa la sita, mwaka ambao ng'ombe wetu waliisha kwa ukame, kwa hiyo nikikosea cheo cha mtu humu ndani unisamehe.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu Ugbad, mwalimu wa chekechea, ataolewa Ijumaa tarehe 29 mwezi huu. Anamtaka Ayanle, kijana anayetibu mifugo, na mimi pia namtaka. Lakini nikaha haifungwi bila walii, na walii ni mimi baba yake. Sasa kaka yangu Mustafe amemwendea sheikh na kumwambia kwamba mtu aliye baharini vitani, bila simu wala anwani, hahesabiki, na uwalii umemwangukia yeye. Mustafe ana rafiki, dalali wa mbuzi pale sokoni, mwenye wake wawili na umri kama wangu, na huyo ndiye angependa kumpa Ugbad. Sheikh ni mtu wa haki. Amesema atangoja hadi adhuhuri ya Ijumaa hiyo, aone mimi mwenyewe, au aone karatasi yenye mhuri inayosema niko wapi. Nisipoonekana, na karatasi isipoonekana, Mustafe ataketi mahali pangu.

Simu zetu zimefungiwa kwenye sanduku la meli kwa ajili ya usalama. Habari zote naletewa kwa mdomo na Bi Lul, mama wa chai, ambaye simu yake hupata mtandao akiwa mjini Balambala. Wiki jana aliniletea maneno ya Ugbad: "Aabo, kama ni bahari kweli, ogelea."

Nimeomba ruhusa mara nne. Nimejibiwa mara nne kwamba meli iko safarini. Ndiyo maana nimeamua kukuletea malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Manowari Imara ni saruji. Nasema hivyo kwa sababu niliichanganya mwenyewe, kokoto na mchanga wa mto, na najua chini yake hakuna maji. Kuna murami, na upande wa kulia kuna kichuguu ambacho tulikisawazisha lakini mchwa hawajakubali. Luteni Mwakio, afisa wetu, alitueleza vizuri: manowari ya kweli ya kubeba ndege bado inaundwa ng'ambo, marubani lazima wajifunze kutua juu ya sitaha, basi imemwagwa sitaha ya mfano, urefu na upana sawasawa, mbali na macho ya adui. Hiyo ni akili na siipingi. Kilichonishinda ni agizo lililofuata, kwamba ili watu wazoee, kila kilicho juu ya saruji kihesabiwe kiko baharini. Tarehe 14 Novemba, siku ya mwisho ya mkataba wetu, sisi vibarua ishirini tulikuwa juu tunafagia vumbi la mwisho. Bendera ikapandishwa, bendi ikapiga, meli ikatangazwa imeng'oa nanga. Tumesafiri karibu miezi sita sasa, na kila asubuhi naamka naona mgunga uleule na punda yuleyule.

2. Kanuni ya tisa ya meli inasema: "Hakuna mtu atakayeshuka nchi kavu kabla meli haijatia nanga. Ndege zitaondoka na kurudi kama ratiba inavyoagiza." Mheshimiwa, mimi nimezaliwa nchi kavu. Nyinyi serikali ndivyo mnavyotuandika mkituletea mahindi ya msaada, watu wa maeneo makavu. Miaka yote nimeomba Mungu anitoe kwenye ukavu, leo namwomba luteni anirudishe. Tunalala mahemani juu ya saruji ambayo saa nane mchana ingeweza kuivisha chapati. Kutoka ukingo wa sitaha hadi mchangani ni hatua moja, na mguu wa binadamu umeumbwa kwa hatua hiyo.

3. Kuhusu nanga. Ipo, ni ya kweli, ilikuja kwa lori kutoka pwani na kuchukua siku tatu. Imening'inizwa kwenye winchi mbele ya meli, shibiri mbili juu ya ardhi. Nilipouliza kwa nini isishushwe shibiri mbili tukaenda zetu, nikaambiwa agizo la kutia nanga hutolewa na nahodha, na nahodha hajateuliwa kwa sababu meli haijamalizika kuundwa. Nikashauri kwamba ikiwa nanga haiwezi kushuka, basi ardhi ipandishwe. Mimi na mwenzangu Noordin tungeijaza kwa wilbaro tatu, na nanga ingegusa chini bila mtu kutoa agizo lolote. Luteni alilifikiria jambo hili siku nzima. Kisha akasema shauri ni zuri, ila udongo uko nchi kavu na hatuwezi kushuka kuuchota.

4. Bi Lul ameandikwa kuwa chombo cha kiraia. Kila akija na birika zake juu ya punda lazima asimame hatua kumi kutoka saruji, ataje jina la chombo, shehena na aendako. Siku ya kwanza alijibu: "Jina Lul, shehena chai, ninakokwenda ni hapo mbele yako. Wewe luteni, macho yako yana nini?" Alizuiwa kutia gati, tukakosa chai. Siku hizi amezoea, lakini anatucheka. Ananiambia, "Sakariye, mimi kubali kuwa mashua, sawa. Lakini mashua inataka vikombe vyake virudi." Mwanamke huyu ana wajukuu watano, Mheshimiwa, naye hupigiwa honi kama chombo kilichopotea njia.

5. Hili la tano limetuletea shida na Mungu, kwa hiyo naomba ulisome polepole. Msafiri hufupisha sala. Rakaa nne husali mbili. Noordin, ambaye alisoma chuo huko Dagahaley na ndiye hutuswalisha, alisema sisi tumekaa mahali pamoja zaidi ya muda wa msafiri, tusali kamili. Tukasali nne. Luteni, ambaye si wa dini yetu lakini amesoma, akatuona na kuandika kwenye daftari la meli: "Vibarua wanasali kama watu wa nchi kavu. Nidhamu ya safari imeshuka." Sasa nikisali nne, nimevunja kanuni za meli. Nikisali mbili, nimemwambia Mwenyezi Mungu niko baharini, naye anaona kila kitu, pamoja na kichuguu. Tumechagua kumkosea luteni.

6. Hata adui ameanza kuonekana. Kikosi cha Pili ni cha helikopta ya kusaka nyambizi, na kwa kuwa bahari haipo, chombo chake cha kusikilizia hushushwa kwenye bwawa la kunyweshea mifugo. Mwezi wa pili kiliripoti nyambizi kumi na nne zikija kwa mpangilio. King'ora kikalia, tukavalishwa maboya, tukalala kifudifudi. Nilinyanyua kichwa nikaziona nyambizi zenyewe. Zilikuwa ngamia, wameinamisha shingo wanakunywa, na mwenye ngamia amesimama pembeni anapiga mswaki. Nilipomwambia luteni nilichoona, alinijibu kwamba kazi ya kibarua si kutambua nyambizi. Ripoti ilikwenda kwako ikiwa na kumi na nne. Nafikiri ndizo tulizosikia redioni kwamba zimezamishwa.

7. Sasa nafika kwenye mpangilio wa vikosi vyako. Hapa sisemi kwa ubaya. Mtu anayefagia hujua vitu vimekaa wapi. Juu ya meli hii kuna ndege mbili na helikopta moja, makamanda kumi na mmoja, na vikosi vinne. Kikosi cha Kwanza kina ndege moja ambayo hutumiwa asubuhi. Kikosi cha Tatu kina ndege hiyohiyo, lakini mchana. Ile ndege ya pili haina kikosi tangu ilipopitiliza sitaha na kuingia mchangani, kwa sababu wakubwa wanasema ndege ikiwa hewani ni ya jeshi la anga, ikigusa saruji ni ya wanamaji, na ikiingia mchangani ni ya jeshi la nchi kavu. Kila jeshi limeandika barua ya kumwachia mwenzake. Mbuzi wanapumzika kwenye kivuli cha bawa lake. Kikosi cha Nne ndicho kinachonihusu. Kina makamanda wawili, bendera, wimbo na mpishi. Ndege hakina. Kila Jumatatu makamanda wake wawili hukagua mstari mweupe mahali ambapo ndege ingesimama, na mimi ndiye hufagia mstari huo.

Nimewaza sana juu ya mambo haya yote, na nimeona kwamba yanajibu swali langu yenyewe. Mtu haruhusiwi kuondoka juu ya meli iliyo safarini. Ndege inaruhusiwa. Helikopta huenda mjini Garissa kila Alhamisi kuleta vitunguu na nyanya, na meli haijawahi kutia nanga kwa ajili yake. Niliomba nipande nayo, nikaambiwa abiria ni mtu, na mtu hashuki.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa heshima zote niandikwe kuwa ndege ya Kikosi cha Nne.

Usicheke kwanza. Kikosi kitakuwa kimetimia, na makamanda wake wawili watapata kitu cha kukagua. Mimi situmii mafuta, natumia chai na mkate wa canjeero. Sina kelele, kwa hiyo ngamia hawatakimbia na wenyewe hawataandika malalamiko. Nikipitiliza na kuingia mchangani natoka mwenyewe. Sihitaji rubani, maana njia naijua: Balambala hadi Garissa kwa miguu na lori, Garissa hadi Wajir kwa lori, Wajir hadi Griftu kwa gari lolote litakaloenda kuchukua mbuzi. Rada ya adui haitaniona. Hata mhasibu wa hapa bado hajaniona. Nimeonyesha ombi hili kwa Noordin, naye amesema kama litakubaliwa yeye yuko tayari kuwa helikopta.

Naomba ratiba yangu ya kuruka iwe Jumatatu tarehe 25 Mei, baada ya sala ya alfajiri. Nitasimama kwenye mstari mweupe, nitapewa ishara, na nitaondoka kwa hatua ile moja. Vilevile naomba barua yenye mhuri itangulie kwa sheikh wa Griftu, iseme ukweli mtupu: kwamba Sakariye Ogle hayuko baharini, hajawahi kuiona bahari, yuko hai juu ya saruji kavu nje ya Balambala, na uwalii wa binti yake haujamwangukia mtu mwingine. Mheshimiwa, ukishindwa na mengine yote, usishindwe na hilo. Ugbad ana miaka ishirini na miwili. Tangu azaliwe nimemwahidi vitu vingi ambavyo ukame ulivichukua. Hiki hakitegemei mvua. Kinategemea mhuri wako tu.

Nisalimie makamanda wote kumi na mmoja, na wengine ulionao huko ambao hatujaletewa. Msalimie mkeo na watoto, karani atakayekusomea barua hii, na mafundi wanaounda meli ya kweli; waambie wasiharakishe kiasi cha kuacha mashimo. Bi Lul anakusalimu na anauliza kama chombo cha kiraia kinaweza kupewa maji ya punda. Mpishi wa Kikosi cha Nne naye anakusalimu.

Wako mtiifu juu ya saruji,

Sakariye Ogle,
kibarua kwa sasa.

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Bi Lul amefika na ujumbe kutoka kwa mke wangu Istar. Kumbe baba yake Ayanle, mtu anayependa jina, alikuwa amemkataza mwanawe asioe binti wa kibarua. Amekubali juzi kwa sababu moja tu: amesikia mimi ni mwanamaji, na ameshalitangazia soko zima la Griftu kwamba mkwewe anapigana katikati ya bahari. Basi naomba barua ziwe mbili. Ile ya sheikh ibaki kama nilivyosema, kwamba sikuwahi kuondoka nchi kavu. Ile ya baba yake Ayanle iseme nilikuwa bahari kuu miezi yote hii, na kama mhuri unaruhusu, iongezwe kwamba mawimbi yalikuwa makubwa na sikutapika hata mara moja. Zitumwe siku tofauti. Nitarudi Jumamosi tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi; nikichelewa kidogo, tafadhali meli isiondoke bila mimi.