Thuluthi ya Shangazi Dhahabu

Jumatatu, 7 Julai

Leo baada ya darasa la wanawake nimemuuliza Ustadh Hashim swali la mirathi. Nikasema ni la jirani. Jibu si zuri. Mwanamke asiye na mume wala mtoto akifa, mtoto wa kiume wa kaka yake hurithi. Mtoto wa kike wa kaka huyo huyo hapati. Yaani Shangazi Dhahabu akiondoka, nyumba ya hapa Timbwani na vyumba vyake vya kupangisha ni vya kaka yangu Najib, anayeishi Changamwe na kuja Idd, akala, akanawa, akaenda zake. Mimi Asmaa, ninayemwogesha Shangazi tangu aumie nyonga, ni mtazamaji.

Njia ni moja: wasia. Mtu aweza kumwusia asiyemrithi, mradi usizidi thuluthi ya mali. Thuluthi yanitosha. Sina tamaa. Kazi ni kumkumbusha Shangazi kwamba kuna kufa.

Jumatano, 9 Julai

Nimempeleka hitma ya mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye watoto wake wanagombania jokofu tangu siku ya maziko. Nilikusudia aone, aingiwe na hofu. Hakuingiwa. Kala sahani mbili za biriani, kaulizia kachumbari, kisha kawaamua wale watoto kwa kuwaambia walikate jokofu kwa msumeno. Kurudi kaniegemea njia nzima. Kalala usingizi wa kitoto. Mimi nimelala na dawa ya kuchua mgongoni.

Ijumaa, 11 Julai

Mbinu nyingine. Nimekaa mbele yake na karatasi, nikajifanya naandika wasia wangu. Akauliza nina nini cha kuacha. Nikasema cherehani. Namwachia nani? Nikamwambia kwa sauti ya chini, wewe, Shangazi.

Nilidhani atatokwa na machozi, kisha alipe wema kwa wema. Alasiri kamtuma Gedion, mpangaji wake, na mkokoteni. Cherehani iko kwake. Nilisimama mlangoni kwangu nikiitazama ikienda.

Nikamwendea Ustadh. Kasema mtu akichukua kitu chako nawe wamtazama kimya, huo si wasia tena, ni hiba, zawadi isiyorudishwa. Akaanza ule mfano wa mbwa anayerudia matapishi yake. Nikaaga.

Jumapili, 13 Julai

Imefanya kazi. Shangazi kasema karatasi yangu imemtia fikra. Kamwita Ustadh na mashahidi wawili. Nikavaa buibui jipya, nikapika mahamri, nikakaa karibu na mlango, macho chini.

Thuluthi inakwenda vyoo vya madrasa.

Nikasubiri. Ustadh akakunja karatasi. Ndipo Shangazi akaniita.

"Asmaa."

"Abee, Shangazi."

"Nilitaka nikupe wewe. Halafu nikawaza, nikikupa watu watasema huyu alikuwa akiniogesha kwa ajili ya nyumba. Wallahi siwezi kukuharibia jina."

Nikamwambia waseme tu, watu hawakosi la kusema.

"La, mwanangu. Wewe nimekufanya wasii. Hao wengine siwaamini."

Ustadh akanieleza wasii ni nani. Ndiye wa kulipa madeni ya marehemu, kukusanya mali, kuwagawia wenyewe. Nikauliza yeye hupata nini. Kasema thawabu.

Mashahidi wamemaliza mahamri yote.

Jumanne, 15 Julai

Najib kapiga simu, ana furaha. Amefarijika kusikia mali iko mikononi mwa mtu mwaminifu. Na kwa kuwa mimi ndiye msimamizi, kasikia paa la vyumba vya nyuma linavuja, nilitazame. Nikamwambia Shangazi hajafa. Kasema basi nianze mapema.

Gedion naye kaleta habari za bomba. Mkewe, Milcah, kaleta habari za panya. Fundi haonekani. Nimepanda mwenyewe.

Shangazi akanishikia ngazi. Nyonga imepona kabisa, na hakuna aliyenambia. Nikiwa juu, kwa ule uchovu, nikamwuliza waziwazi kama kweli hakuna hata kidogo alichotaka kuniachia. Akaishika ngazi kwa mikono miwili. Kisha akasema siku ile alipoanguka, pale sakafuni, alimwomba Mungu amletee mtu mmoja tu asiyetaka kitu kwake. Na nilikuwa wa kwanza kufungua mlango.

Nilikuwa na misumari mdomoni.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbili nimetafakari. Kosa langu nimeliona: nilichagua mtu mwenye afya.

Marehemu mume wangu alikuwa na ami yake, Ami Ishaka, yuko Mjambere, kule Kisauni. Hana mke, hana mtoto. Ana kikohozi na nyumba mbili. Simrithi kwa njia yoyote, nimehakikisha. Ustadh alinitazama sana kabla ya kunijibu. Nimempigia simu huyo Ami. Kasema anayemfulia humwibia sabuni. Nikamwambia amfukuze leo hii. Kuanzia kesho nakwenda mimi, feri ya alfajiri, nikishamwandalia huyu wa hapa chai yake.

Shangazi kaniuliza naenda wapi mapema hivyo. Nikasema kuna mgonjwa Kisauni, maskini, hana wa kumtazama. Kanishika mikono, kaniombea dua ndefu, Mungu anilipe kwa kadiri ya nia yangu.

Nikaitikia amin.