Mwongozo wa Kugawa Fremu Nakivale

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, bango la kijivu lilikuwa tayari limetundikwa juu ya mlango wa ukumbi wa gemu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nalo lilisema kwa herufi kubwa: OFISI YA UWIANO WA BURUDANI ZA KOMPYUTA, KANDA YA MBARARA, INAWATANGAZIA WANANCHI WOTE NA WASIO WANANCHI KWAMBA KUANZIA LEO PICHA ZITAGAWANYWA KWA HAKI.

Chini ya bango alisimama Bwana Edirisa, Kaimu Mkurugenzi wa ofisi hiyo, ndani ya suti iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Alikuwa kaimu tangu siku zile ambazo barakoa zilikuwa lazima. Watu waliziacha barakoa, lakini neno "kaimu" halikumwacha Edirisa. Lilikuwa kwenye kibao cha mlango wake na kwenye mhuri wake. Lilifika hata kwenye kadi za harusi ya binti yake, ambako mchapishaji, kwa heshima zote, alimwandika "Kaimu Baba wa Bibi Harusi".

Leo lingeondoka. Naibu Kamishna Hanifah alikuwa njiani kutoka Kampala kuja kuuzindua mwongozo wa kugawa picha hizo, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua ya kumthibitisha Edirisa kazini. Angemkabidhi mwisho wa sherehe, kwa sharti moja: sherehe iishe kwa amani.

Amani ilihitajika kwa sababu palikuwa na vita. Wapenzi wa gemu wa Nakivale walitumia kompyuta zenye kadi ya picha ya kampuni moja, yenye nembo ya kijani. Wenzao wa Mbarara, wenye ukumbi wao Kakiika, walitumia ya kampuni pinzani, yenye nembo nyekundu. Kadi ya picha ndiyo inayouchora mchezo kwenye skrini, fremu baada ya fremu. Fremu zikiwa nyingi, mchezaji anateleza kama maji; zikiwa chache, anaruka kama panzi. Kila upande uliamini kadi yake ndiyo inayojua kuchora na kwamba upande wa pili ulidanganywa dukani. Kule Ngarama posa moja ilisimamishwa mpaka kijana abadilishe kadi.

Kisha, katika mechi iliyochezwa Kakiika, kitu bapa cha unga, chenye joto, kilirushwa na kumpata shabiki mmoja shavuni. Taarifa ya ofisi ilikiita hivyo kwa sababu haikuthibitishwa kuwa kilikuwa chapati. Ushahidi uliliwa.

Edirisa alichukua hatua. Kwanza alipiga marufuku kutaja rangi, hasa nyekundu, rangi ya chama cha upinzani, ambayo wenzake ofisini hawakuitamka kabla ya kufunga madirisha. Makundi yakaitwa Kundi la Kwanza na Kundi la Pili. Yote mawili yakajiita la kwanza. Yakaitwa Kundi la Kulia na Kundi la Kushoto, na siku ya mkutano watu wote walijaa kulia hadi benchi likavunjika. Ndipo kamati ikaamua kwamba kila kundi litaitwa "wahusika", na bango litakuwa la kijivu.

Pili, alimtuma fundi wa ofisi, Hamim, azipime kadi zote mbili. Hamim alirudi na jibu fupi: zote ni za mitumba, zote za umri mmoja, na kila moja inatoa fremu hamsini kwa sekunde, sola ikiwa na jua la kutosha. Hili ndilo jambo pekee ambalo Kijani na Nyekundu walikubaliana: kwamba Hamim ni mwongo.

Hatua ya tatu ilimjia Edirisa akiwa kwenye foleni ya benki, na ilikuwa rahisi hata akashangaa kuwa hakuna aliyewahi kuiwaza. Kila kinacholetwa Nakivale hugawanywa: sabini kwa mia kwa wakimbizi, thelathini kwa mia kwa wenyeji. Visima viko hivyo. Mbegu ziko hivyo. Madawati yako hivyo. Kwa nini fremu ziachwe holela?

Hivyo kompyuta ya Nakivale ikapangiwa fremu thelathini na tano, na ya Mbarara kumi na tano. Naibu Kamishna aliusoma mwongozo, akausaini, na kwa mkono wake akaongeza kifungu cha tisa: hakuna aliye juu ya mwongozo huu.

Saa nne wahusika walifika kulalamika. Nakivale iliwakilishwa na Adolphe, kijana wa Kivu Kusini ambaye aliwahi kuapa kwamba hatagusa kompyuta nyekundu hata kwa fimbo. Mbarara iliwakilishwa na Safiyah, binti wa mfanyabiashara wa vitenge, aliyeileta kompyuta yake kwenye pikapu ikiwa imefungwa godoro kama mgonjwa.

"Chef," alisema Adolphe, "tulikuwa na fremu makumi tano. Sasa munatuachia makumi tatu na tano. Zile zingine munazipeleka fasi gani?"

"Zinasimamiwa," alijibu Edirisa.

"Zinasimamiwa fasi gani?"

"Katika ngazi husika."

"Na sisi, ssebo?" Safiyah alidakia. "Kumi na tano? Banange! Hiyo si gemu, hiyo ni albamu ya harusi. Nakaa nafungua ukurasa kwa ukurasa."

"Ninyi ni wenyeji. Asilimia thelathini ni haki yenu."

"Haki gani inaruka-ruka?"

"Yenu Nyekundu iliruka-ruka tangu zamani," Adolphe alimwambia. "Sasa angalau iko na sababu."

"Wewe nyamaza na kijani chako. Hiyo kadi ikiwaka, kuku wanadhani kumekucha."

"Wahusika!" Edirisa alipaza sauti, akaangalia barabara. Vumbi lilikuwa linapanda. Gari la Naibu Kamishna lilikuwa limeshapita kona ya mwisho. Akamvuta Adolphe kando. "Mgeni wa heshima atacheza mechi ya ufunguzi na wewe. Utashindwa."

"Nishindwe?"

"Kwa heshima. Lakini usijifunge mwenyewe, itaonekana tunamhurumia."

Naibu Kamishna Hanifah alishuka na mkoba wake. Edirisa aliuangalia mkoba kabla ya kumwangalia mwenyewe, kisha akainama. Mgeni alikagua maonyesho, akapokea kanga, akafika kwenye meza ya usajili. Mezani alikaa Pélagie, mama Mkongo aliyewahi kujitolea kama mkalimani katika kituo cha kupokelea wakimbizi cha Kabazana. Kila mchezaji alisajiliwa hapo katika mstari mmoja kati ya miwili, Wakimbizi au Wenyeji. Naibu Kamishna, aliyezaliwa Kampala, akaandikwa Mwenyeji, akaonyeshwa kompyuta ya Safiyah.

"Mimi sina upande," aliwaambia watu, akashika padi ya kuchezea. "Nimekuja kuwapatanisha."

Watu wakapiga makofi. Mpira wa kwenye skrini ukaanza.

Adolphe alijitahidi. Mashahidi wote wanakubali kwamba alijitahidi sana. Aliwatoa mabeki wake, akawasimamisha pembeni kama watu wanaosubiri boda. Alimpasia mpira mshambuliaji wa Naibu Kamishna, mbele ya lango lililo wazi. Mshambuliaji alikuwa upande wa kushoto wa mpira. Picha iliyofuata alikuwa upande wa kulia wa mpira. Picha iliyofuata alikuwa nje ya uwanja, mikono kiunoni. Mpira ulijigonga kwenye mwamba, ukarudi uwanja mzima, ukamkuta mchezaji wa Adolphe aliyekuwa amesimama tu, ukamgonga goti, ukaingia lango la Naibu Kamishna.

"Pardon, mama," alisema Adolphe.

"Endelea," alisema Naibu Kamishna.

Bao la pili liliingia hivyohivyo. La tatu Adolphe alikuwa ameweka padi chini anafuta jasho. Kufikia la nne, Naibu Kamishna alikuwa amevua viatu. La tano na la sita yalifuatana, na Naibu Kamishna akaigonga padi mezani.

"Hii nyekundu imeoza," alisema. "Ni takataka. Nipeni ile ya kijani."

Edirisa alihisi neno "kaimu" likimkaa vizuri zaidi mabegani.

"Nyabo, hapana!" Safiyah alisimama. "Tunakuheshimu, lakini kadi yangu usiitukane. Kadi ni nzima. Wamefunga fremu zake."

"Ni kweli," Adolphe akasema, na watu wa Nakivale waligeuka kumtazama. "Nyekundu iko muzuri. Kidogo. Shida haiko kadi, mama. Shida ni mwongozo."

Kijana mmoja wa Kakiika akapiga meza. "Si kadi, ni mwongozo!" Mwingine wa Nakivale akajibu hivyohivyo. Dakika iliyofuata ukumbi mzima, kijani na nyekundu, kulia na kushoto, ulikuwa ukiimba maneno hayo kwa sauti moja, huku watu waliokuwa wakinuniana tangu mechi ya Kakiika wakipigana vikumbo kwa furaha. Edirisa aliona, kwa haki kabisa, kwamba lengo la nne la mwongozo, Utangamano wa Wahusika, lilikuwa limefikiwa saa moja kabla ya muda.

Akamwinamia Naibu Kamishna na kumpongeza.

"Edirisa," alisema mgeni, "nifungulie fremu."

"Mheshimiwa, mwongozo unampa mwenyeji kumi na tano."

"Mimi ni Naibu Kamishna."

"Kifungu cha tisa, Mheshimiwa."

"Nani aliandika huo upuuzi?"

Edirisa aliinama tena. Alikuwa amefundishwa kwamba kuna maswali ambayo jibu lake analo aliyeuliza. Hamim alikuwa karibu na angeweza kuufungua uzio wa fremu kwa kidole kimoja, lakini alisema kwa adabu kwamba marekebisho ya mwongozo yanahitaji kikao cha kamati, na mwenyekiti wa kamati ni Naibu Kamishna, na Naibu Kamishna hawezi kuitisha kikao akiwa uwanjani kwa sababu angekuwa na maslahi.

Hapo kitu bapa cha unga, chenye joto, kilirushwa kutoka meza aliyokaa Naibu Kamishna. Kilimpata Edirisa shavuni. Kwa kuwa safari hii hakikuliwa, ilithibitishwa: kilikuwa chapati.

Naibu Kamishna alivaa viatu, akachukua mkoba wake, akatoka. Edirisa alimfuata akiwa na mafuta shavuni, akijua kwamba barua yake inaondoka kwa gari. Lakini mgeni hakwenda kwenye gari. Alikwenda kwenye meza ya usajili, akaupita mstari wa Wenyeji, akasimama nyuma ya watu watatu katika mstari wa Wakimbizi. Aliyekuwa mbele yake alimwachia nafasi. Alikataa. Alisema utaratibu ni utaratibu.

Zamu yake ikafika.

"Karibu, mama," alisema Pélagie, ambaye kazi ya Kabazana ilimzoesha kutomshangaa mtu. "Keti. Unatoka fasi gani?"

"Kampala."

"Ulikimbia nini?"

Naibu Kamishna aliangalia ndani, kwenye skrini, ambako mshambuliaji wake bado alisimama nje ya uwanja. "Fremu kumi na tano."

"Nani alikufanyia vile?"

"Mwongozo."

"Mwongozo ni mutu? Nani aliusaini?"

Naibu Kamishna alikohoa. "Mimi."

"Kwa hiyo umejikimbia weye mwenyewe."

"Andika hivyo."

Pélagie akaandika hivyo, bila kucheka, herufi zake zimenyooka. "Uko na mushuhuda?"

Macho ya mstari mzima yalimgeukia Edirisa. Akikataa, barua ingerudi Kampala. Akikubali, angekuwa ameungama mbele ya watu kwamba mwongozo wake unafukuza watu, tena wakubwa. Aliutazama mkoba. Zipu yake ilikuwa ya dhahabu.

"Ni kweli," alisema. "Niliona kwa macho yangu akiteseka."

"Na ofisi iliyomutesa ni ya nani?"

"Ya kaimu."

"Asante, papa. Weka dole gumba hapa."

Naibu Kamishna alikubaliwa kwa muda, akapewa kadi ya mchezaji, na kwa kuwa mgao wa wakimbizi ulikuwa umefika, akapewa pia dumu la maji na mkeka. Alivipokea kwa mikono miwili. Akarudi ndani, akaketi kwenye kompyuta ya kijani, fremu thelathini na tano, akasema mechi inaendelea.

Hamim akakumbusha kwamba mashine ya wenyeji haiwezi kubaki tupu. Asilimia thelathini isiyotumika ni ukiukaji. Naibu Kamishna akamnyooshea Adolphe kidole. "Wewe. Kaa pale. Na usinihurumie tena."

Adolphe aliitazama kompyuta nyekundu. Mashabiki wa Nakivale walikumbuka kiapo chake.

"Kaka," alisema Safiyah, polepole, "ametuita takataka."

Adolphe alifuta kiti kwa mkono wa shati. Akafuta padi. Akaketi.

Mpira ulianza tena saa sita mchana. Kwenye kompyuta ya kijani wachezaji walikimbia vizuri kuliko asubuhi yote. Kwenye nyekundu waliruka kama panzi, picha moja hapa, picha moja kule, na katikati ya picha hizo Adolphe alikuwa akicheza kwa kukumbuka mpira ulipokuwa na kukisia utakapokuwa. Safiyah alikuwa nyuma yake akimshika bega. "Kushoto, kaka. Kushoto!"

Bao la saba la Adolphe liliingia dakika ya pili. Nakivale na Kakiika walikumbatiana hadi benchi lingine likavunjika. Naibu Kamishna aliweka padi juu ya mkeka wake. Edirisa alisimama kando yake, mikono nyuma, na mkoba ulikuwa bado umefungwa zipu.