Sungura wa Kukaa Juu ya Mto

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu anataka sungura. Kalitaja jambo hili wakati wa chai, wakati wa kuvaa viatu na wakati wa kuoga. Tangu rafiki yake wa nyumba ya jirani ahame na wazazi wake, hachezi na mtu. Hukaa kwenye ngazi akizungumza na viatu vyake. Mama yake ni muuguzi, na kila kitu kwake ni dalili. Kasema mtoto anahitaji kiumbe wa kumpenda. Nikakohoa kidogo, wakumbuke kwamba nami nipo. Hawakukumbuka.

Nilikuwa nimejiandaa kukataa. Kisha nikatazama nje ya dirisha la studio. Ng'ambo ya barabara, kwa mpiga picha mwenzangu, kumejaa akina mama na watoto waliopakwa mafuta mpaka wanameremeta. Jamaa ana farasi wa mbao anayebembea. Kila mtoto wa mtaa huu kapigwa picha juu ya farasi yule. Mimi nina pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Na kiti.

Hapo ndipo wazo likanishukia. Sungura mweupe! Mweupe pepepe, kakaa juu ya mto wa mahameli, katulia kama bibi harusi. Farasi wa mbao atasema nini mbele ya mnyama anayepumua? Mtoto atapata mwenziwe, studio itapata wateja. Akili ni nywele, wanasema. Mimi nina upara, lakini leo nilihisi kichaka.

Jioni nikatangaza kwamba nimekubali. Binti akanikumbatia goti. Mama yake akatoa sharti moja tu: mtoto achague mwenyewe. Nikasema bila shaka.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda kwa mfugaji. Ni mkunga mstaafu, na bado anazungumza na kila mtu kana kwamba uchungu umeshaanza. Akaniambia nivute pumzi, niketi, nisiwe na haraka. Kisha maswali. Nani atasafisha kizimba? Sungura atalala wapi mvua ikinyesha? Je, tunajua kwamba sungura huishi miaka mingi, na kwamba hapendi kubebwabebwa kama mwanasesere? Nikajibu ndiyo kwa kila swali, pamoja na lile la nani atasafisha.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nilijaza majani ya karoti mfukoni. Nitasimama nyuma ya binti, nimvute yule mweupe hadi miguuni pake, kisha niseme kwa mshangao: tazama, amekuchagua!

Mweupe akaja. Wakaja na wengine wote. Wakanivamia kama ndugu waliosikia harufu ya pilau. Mmoja akatafuna mfuko wenyewe. Nikamnyakua yule mweupe kwa masikio, nimwokoe kwenye msukosuko, bibi mkunga akapiga ukelele, nami nikakaa chini pu!

“Masikio si mpini!” alisema. “Wewe ungependa?”

Binti hakuona hata kidogo. Alikuwa pembeni kabisa, ambako sungura mmoja wa kahawia, mwenye sikio lililochanika ncha, alikuwa ameipa dunia mgongo. Binti naye alimpa mgongo. Wakakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, kama wazee wawili waliokosana. Muda ukapita. Mwishowe yule wa kahawia akageuka, akanusa msuko wa binti, akaanza kuutafuna polepole.

“Huyu,” binti alisema bila kugeuka.

Nikamwelekeza kwa yule mweupe. Nikasifia manyoya. Akasema yule anapenda majani yangu tu, huyu hakuyataka. Bibi mkunga akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema hatoi mnyama siku ile ile, kwani mapenzi ya kweli hayapungui kwa kusubiri. Turudi wiki ijayo tukiwa na kizimba.

Binti kamwita Kiraka, kwa sababu ya doa jeupe chini ya kidevu. Njia nzima aliongea. Viatu havikuambiwa neno.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu siasa.

Nikamwambia binti kwamba Kiraka ni mzee. Akasema basi asicheleweshwe. Nikasema sikio likichanika, kusikia kunapungua. Akasema atamsemesha kwa karibu. Nikasema weupe ni adimu, kila mtu anawatamani. Akasema vizuri, basi yule hatakosa kwao.

Mtoto ana miaka sita! Nilishindwa kama wakili wa mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi.

Mchana nikatengeneza kizimba kwa mbao za fremu za picha. Kimependeza. Mlango haufungi, lakini kimependeza.

Jumatatu, 10 Machi

Binti akiwa shuleni, nikaenda peke yangu. Nikamwambia bibi mkunga kwamba mtoto amebadili mawazo, sasa anamtaka mweupe. Akanitazama kama mtu aliyeshasikia akina baba wengi wakieleza mambo mengi. Akauliza kama mtoto kasema mwenyewe, kwa kinywa chake. Nikasema ndiyo. Akanionya kwamba mweupe ni dume kijana, ana hasira, na popote anapofika hupenda kupafanya pake. Nikaona hizo ni sifa za uongozi. Nimemwita Balozi.

Ikabaki kazi ya kueleza nyumbani. Binti aliporudi nikamwambia huyu ndiye Kiraka. Kaogeshwa tu. Wengi hawajui sungura anavyong'aa akipata sabuni nzuri.

Binti akachuchumaa. Akamtazama uso, kidevu, kisha masikio, moja baada ya jingine. Yote mawili mazima. Nikasema bibi ana dawa kali sana.

Hakulia. Alisema, “Asante, baba.” Akamwekea Balozi nyasi na maji, akafunga mlango wa kizimba kwa kamba, akaenda kukaa kwenye ngazi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi sikusikia mshindo wowote, nikaona mambo yamekwenda salama.

Mama yake akarudi kutoka zamu. Akamwona sungura. Akamwona mtoto. Akaniwekea sahani yangu mezani bila kuketi, akasema sikumwacha mtoto achague. Nikajibu kwamba alichagua, ila alichagua vibaya. Nilipokuwa nalitamka neno la mwisho nilijua lingefaa kubaki mdomoni.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya uzinduzi. Mto wa mahameli, taa zote mbili, Balozi katikati. Mlangoni nimebandika tangazo: PICHA NA SUNGURA HALISI.

Mteja wa kwanza alikuwa mke wa mkuu wa shule, na wanawe mapacha. Kavaa suti rangi ya maziwa. Alikwenda kwa farasi mara zote. Leo kaja kwangu! Nikamwomba asogee karibu na mnyama. Akainama, akasema ooo, mzuri jamani.

Balozi akageuka taratibu, akainua mkia.

Sikujua kwamba sungura anaweza kulenga. Alimpata begani, akiwa kwenye mto, kwa mstari ulionyooka. Mapacha walicheka mpaka wakakaa chini. Nilipokuwa natafuta kitambaa, Balozi akashuka akakata waya wa taa kwa meno. Bahati yake, na yangu, nilikuwa nimeshazima kwenye ukuta. Kisha akala sehemu ya chini ya pazia. Maporomoko ya maji sasa yanaishia hewani.

Mke wa mkuu wa shule alivuka barabara na harufu yake. Kupitia dirishani nikamwona mwenzangu akimpa kiti na taulo. Alikuwa akitazama upande wangu. Nikavuta pazia, au kilichobaki.

Alhamisi, 13 Machi

Leo binti hakurudi.

Saa yake ya kurudi ilipita. Kwenye ngazi hakuna mtu. Nikajiambia amechelewa tu. Nikapanga fremu. Nikazipanga upya. Kisha nikajikuta barabarani nimevaa ndala tofauti, nakimbia. Lango la shule limefungwa. Mlinzi kasema watoto wote wameondoka. Niliita jina lake kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, watu waligeuka. Mshona viatu wa kwenye kona akainua sindano, akaonyesha ng'ambo ya studio yangu. Kamwona akivuka, kashika mkono wa mama mmoja mpita njia aliyemvusha.

Alikuwa mle ndani. Kwa mwenzangu. Kwenye sakafu, kando ya farasi wa mbao, mkoba begani. Nyuma yake, mgongo kwa mgongo, sungura wa kahawia mwenye sikio lililochanika.

Mwizi wa mawazo! Kaona tangazo langu, naye kaenda kwa bibi mkunga kutafuta wake. Nikamuuliza, kwa hasira niliyokuwa nimebaki nayo, kwa nini kachukua huyu, mbovu kuliko wote. Akasema wengine wote walimkimbilia, huyu akampa mgongo, na yeye tangu mkewe afariki kazoea nyumba isiyo na wa kumkimbilia mlangoni. Akamhurumia.

Kisha akanivuta pembeni. Alisema mtoto kamwona sungura kupitia dirishani, kaingia, na kaomba awe anakuja kila siku. Yeye kamwambia akamuulize baba kwanza.

“Sasa akaniambia, ‘Baba atasema huyu siye.’”

Nilisema naona mvua inakuja. Hakukuwa na wingu. Nikabaki nimesimama pale, ndala moja nyekundu, moja ya bluu, mpaka binti akawa tayari kwenda nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevaa koti. Nimemtia Balozi kwenye kikapu na kumfuta uso. Mpango: kumshawishi mwenzangu tubadilishane. Nitasifu weupe, umbo, macho. Habari za mkia, waya na pazia nitaziacha, maana muuza mbuzi hatangazi pembe iliyovunjika.

Binti akasema anakuja nami. Sikuona njia ya kumkataza.

Nilianza vizuri. Nilisema Balozi ni mnyama wa heshima, mzaliwa wa ukoo mweupe upande wa baba na wa mama. Nilikuwa nafika kwenye macho binti alipodakia.

“Anakojolea watu. Anakula waya. Na baba alinidanganya.”

Yote kwa pumzi moja, bila hasira, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Mwenzangu akacheka mpaka akaketi juu ya farasi wake, farasi akaanza kubembea naye. Alipotulia akasema atakubali, kwa sharti. Nimwambie mtoto ukweli kwa kinywa changu.

Koti lilinibana ghafla. Nikachuchumaa. Nikasema yule mweupe hakuwa Kiraka.

Akasema anajua.

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu mlangoni. Nikauliza kwa nini hakusema. Akafikiri. Akasema nilikuwa nimefurahi sana.

Hapo nilifunga na kufungua kamba ya kiatu changu, kwa sababu ilikuwa karibu.

Tukatoka na Kiraka kikapuni. Barabarani binti akanipa mkono, maana ndiyo sheria ya kuvuka. Sikuuhesabu kuwa msamaha. Lakini upande wa pili hakuuachia.

Jumapili, 16 Machi

Mambo yametulia. Kiraka anaishi chini ya ngazi. Binti anamsomea vitabu vya shule, kwenye sikio lile zima, kwa karibu. Jana watoto wawili wa mtaa wa nyuma walikuja kumtazama, wakabaki kucheza mpaka wakafuatwa na dada zao. Mama yake kaketi nami mezani, akala, na hata akanipitishia chumvi kabla sijaomba. Kiraka mwenyewe hataki picha. Nikiinua kamera tu, napewa mgongo.

Ng'ambo ya barabara Balozi anakaa juu ya farasi wa mbao kama sanamu. Hakojolei mtu. Hagusi waya. Watu wamejaa mpaka kwenye kona. Mke wa mkuu wa shule karudi na suti mpya, kapiga picha na Balozi mapajani. Mapajani! Nimesalimiana na mwenzangu kwa mbali. Ni mtu mwema. Inaudhi.

Nimetafakari sana juma hili, na mtu mzima hana budi kukiri kosa lake. Kosa langu lilikuwa rangi. Mweupe huonyesha uchafu, na tabia yake si ya kazi.

Leo binti kasema Kiraka anabaki mpweke asubuhi, yeye akiwa shuleni. Anaomba wa pili. Mama yake kakubali, ila mtoto achague mwenyewe. Nimesema bila shaka.

Kwa bibi mkunga nilimwona mweusi mwenye kifua cheupe. Ukimtazama kwa mbali utadhani kavaa suti na tai. Picha za harusi! Hakuna farasi anayeweza kusimamia harusi. Kesho mapema, kabla binti hajatoka shuleni, nitapita kwa bibi nimwombe awafiche wengine wote.