Katuni Zangu za Mashua ya Tanga

Jumatatu, 11 Aprili 2016

Buffalo. Theluji kidogo asubuhi, lakini mimi nina joto la mafanikio. Nimepata kazi ya akili. Bwana Walter, yule ambaye mke wangu Bamurange anamtunzia mama yake mzee, ana duka la rangi na kamba za mashua upande wa Lackawanna. Anatafuta mtu wa kumtengenezea katuni fupi za kufundisha watu kutunza mashua za tanga, aziweke kwenye mtandao kabla watu hawajarudisha mashua zao ziwani. Nilikuwa nimekwenda kumchukua Bamurange kazini. Nikasikia. Nikamwambia aache kutafuta.

Aliniuliza kama nazijua mashua. Nikajibu kwamba nimekua nikilitazama Ziwa Tanganyika. Si uongo. Kutoka malishoni kwetu, juu kabisa mlimani, siku isiyo na ukungu, lilikuwa linaonekana. Hakuuliza nililitazama kutoka wapi.

Garini Bamurange alifunga mkanda. Kisha akasema bon, haya, nifanye, lakini kazi yake nisiiguse. Alibeba maboksi ghalani usiku miaka miwili kabla ya kupata kazi hii ya mchana, na nikimharibia kwa Walter atarudi kwenye maboksi. Nikamwambia atulie. Ana mume.

Jumatano, 13 Aprili

Leo sikuwa na zamu kiwandani Tonawanda. Katuni ya kwanza tayari. Programu ni ya majaribio, jina la kampuni linapita katikati ya picha, lakini ukilizoea hulioni.

Somo: kusugua tumbo la mashua kabla ya kupaka rangi. Fundi wangu anaingia uani. Anamsalimu mwenye mashua, anauliza habari za mke, za watoto, za ng'ombe. Anakaribishwa kiti. Anapewa maziwa. Wanamwomba Mungu. Ndipo wanainuka kuiendea mashua. Mwisho.

Walter amejibu kwamba ameangalia yote na hajaona mtu akigusa mashua. Watu hawa! Mtu aingie uani kwa mwenzake ashike msasa bila hata kuuliza mmeamkaje? Mwizi ndiye hufanya hivyo. Lakini mteja ni mteja. Nitaanza nyingine, ya kutia mafuta kwenye kapi, yale magurudumu madogo ambamo kamba za tanga hupita. Nimeondoa maziwa, mke, watoto na maombi. Ng'ombe nimemwacha mmoja tu, kwa nyuma, kwa ajili ya uzuri.

Anataka pia mashua iwe juu ya maji, isielee kwenye weupe. Nimejaribu kuchora maji. Yametoka kama blanketi. Na Jumamosi wateja wake, wazee wa mashua, watakuja dukani kunywa kahawa na kuiona.

Ijumaa, 15 Aprili

Nimejishusha. Nimempigia Ezéchias.

Ezéchias ndiye anayepiga video za kwaya yetu. Zamani alikaa Louisville, mtaa wa Iroquois, na hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kukukumbusha kwamba kwaya zote kuanzia kule hadi Columbus zimesimama mbele ya kamera yake. Anawapanga waimbaji mbele ya kitambaa cha kijani sebuleni kwake, kisha nyuma yao anaweka bustani, au milima, au maji. Maji yake ni mazuri. Hilo simnyimi.

Nilipomwomba maji akauliza ni ya nini. Nikasema ni siri ya kazi. Akasema donc, basi, bila kujua ni ya nini, hawezi kunichagulia. Nikasema nataka maji mengi, yanayotembea. Akanitumia yale bora kabisa, yale ya wimbo wa Pasaka: maporomoko. Yanashuka, yanatoa moshi, kuna hata upinde wa mvua. Sharti lake ni moja, jina lake lionekane kubwa kuliko langu. Nimeliandika mwishoni, dogo, kwa rangi ya maji.

Mashua nimeiweka juu kabisa, pale maji yanapoanza kuanguka, maana ndipo penye mwanga. Fundi ameketi ndani, anatia mafuta kwenye kapi, anatabasamu. Ng'ombe yuko ukingoni. Nilipoitazama nilitaka kulia. Hakuna kwaya iliyowahi kupata kitu kama hiki.

Jumamosi, 16 Aprili

Dukani. Wazee wamejaa, kahawa, donati. Bamurange naye alikuja, akimsukuma mama mzee kwenye kiti cha magurudumu. Katuni ikaanza. Wakaacha donati. Nikajua nimewashika.

Mzee mmoja akauliza mashua ile inaelekea wapi. Mwenzake akamjibu kwamba inaelekea kaburini. Walter akasimamisha picha, akaniuliza kwa upole wa mtu anayemshusha mtoto kutoka juu ya paa kama yale si maporomoko ya Niagara. Nikasema hapana, ni ya Pasaka.

Akanieleza mbele ya wote. Maji ya ziwa lao hushukia Niagara, mwendo mfupi tu wa gari kutoka pale, na mtu wa mashua wa Buffalo hufundishwa kuogopa upande ule kabla hajafundishwa kufunga kamba. Na fundi wangu ameketi palepale, anatia mafuta. Akataka kujua kama nimewahi kuendesha mashua. Nikasema nimekua nikilitazama ziwa. Safari hii akauliza kutoka wapi. Nikamwambia. Wazee wote wakaanza kuchungulia vikombe vyao.

Bamurange alikuwa anaitazama mikono yake, na nilijua anayaona maboksi. Niliona aibu. Niliona aibu sana. Walter akamgeukia, akafungua mdomo.

Ndipo mama mzee akacheka. Bamurange anasema tangu aanze kumtunza hajawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akauliza yule ng'ombe sasa atabaki na nani. Akataka irudishwe mwanzo. Walter alimtazama mama yake, akafunga mdomo, akairudisha mwanzo.

Jumapili, 17 Aprili

Uamuzi wa Walter umetoka. Katuni haitawekwa dukani wala kwenye mtandao, na nyingine sitafanya. Bamurange anabaki na kazi yake, ila atamwonyesha mama mzee katuni kila siku baada ya chakula, kwa kuwa mama ameiomba mwenyewe. Baada ya ibada Bamurange ameniapisha: nisimwambie tena Mmarekani yeyote kwamba najua kitu nisichokijua. Nimeapa kwa moyo wote, mkono juu ya Biblia yake.

Jumanne, 19 Aprili

Katuni yangu inaonyeshwa kila siku. Video za Ezéchias watu huziangalia Pasaka hadi Pasaka. Sitaki kumringia, ila nimemtumia ujumbe ajue.

Mchana amenipigia simu Rurangwa, binamu yangu wa Columbus. Anafanya usafi kwenye kiwanja cha ndege ndogo, na mwenye kiwanja anatafuta mtu wa katuni za kufundisha marubani kutunza ndege zao. Nimesema aniunganishe naye leo hii. Kiapo changu kiko palepale, maana ndege nazijua. Nilipanda moja tulipokuja Marekani, nikakaa dirishani, juu ya bawa, na sikufumba jicho mpaka tukatua.