Bibi Giza na Mwavuli Wake

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri kaniita. Adui wa katuni yangu hatishi hata kuku, kasema. Hofu inataka alama: msomaji aione tu, mate yamkauke. Nikishindwa toleo hili la jarida, kurasa zangu sita anapewa Mtia Rangi wa ofisini kwetu. Mtia Rangi! Mtu anayepaka anga kijani na kusema ni hisia.

Jumanne, 4 Machi
Nimechora fuvu. Limechakaa. Nimechora nyoka. Mtia Rangi kasema ni soksi. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mlangoni nikaukuta mwavuli mweusi wa mama mkwe. Nikarudi nyuma hatua mbili, mate yamenikauka. Loo! Kumbe alama ninayo, tena naishi kwa mwenye mwavuli bure mwaka wa pili.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwomba mama mkwe akae nimchore, eti picha ya kutundika sebuleni. Kafurahi, kajipaka wanja. Kakaa saa mbili nzima, mwavuli mapajani. Nimechora lile jicho la kuniuliza nitahama lini. Nimeharibu karatasi mbili. Adui wangu mpya, Bibi Giza, kazaliwa! Shujaa wangu, Chuma Kirukacho, nimempa sura yangu na kifua cha kuazima. Ukurasa wa mwisho anauvunja mwavuli vipande viwili. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Toleo limetoka. Mtia Rangi, hasidi yule, kamletea mama nakala mpaka mlangoni. Eti zawadi! Mama kasoma kurasa zote sita akilamba kidole. Mimi nyuma ya friji. Nilijua leo mimi na mke wangu tunalala nje. Akauliza kama huyu ni yeye. Nikaapa ni sadfa tu. Akasema kufanana hakumsumbui, tena kapendeza. Kinachomuuma ni kupigwa na kijana aliyevaa chupi juu ya suruali.

Jumatatu, 10 Machi
Mama kaenda ofisini na mwavuli wake. Nilimfuata kwa mbali. Mhariri kampa kiti chake, yeye kabaki kusimama. Dakika kumi zimetosha. Toleo lijalo Bibi Giza anashinda, Chuma Kirukacho anakufa ukurasa wa kwanza. Kurasa zangu zimepona. Lakini kujichora maiti, jamani! Nimelia kidogo chooni.

Jumanne, 11 Machi
Nimeamka na wazo. Anatakiwa shujaa mpya, mwenye sura yangu, na adui mpya wa kutisha kuliko Bibi Giza. Mke wangu amekaa hapa mbele yangu, mwiko mkononi. Nimemwambia ni picha ya ukumbusho wa ndoa yetu. Ametabasamu. Sasa anauliza meno hayo marefu ni ya nani. Nimemwambia atulie, asiharibu pozi.