Amri ya Bei Nyuma ya Kioo

"Halmashauri ya mji wa Oudeveld ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna mtu mzima atakayelipia upweke wake bila kujua anatozwa kwa lipi."

Tangazo lilibandikwa kila mahali, hata kwenye kibanda cha samaki, ambako wateja walidhani heringi imepanda bei tena.

Amri aliitunga Diwani Ommeren mwenyewe. Diwani ni mtu wa kanisani, na jina la ile kazi kongwe kuliko zote hakutaka liguse karatasi ya serikali. Kwa hiyo akaizunguka kwa adabu. Amri ilimhusu "mtu mzima yeyote akaaye nyuma ya kioo kinachoonekana na wapita njia, apokeaye malipo ili amsikilize mwenzake, amchekee na kumwacha ameridhika." Kila tendo liwe na bei, na bei ibandikwe kiooni. Asiyetii hadi Ijumaa, kioo chake kifungwe.

Kati ya vioo vya namna hiyo, Oudeveld kilibaki kimoja tu, cha Mama Aukje, ng'ambo ya mfereji, mkabala na jumba la halmashauri. Nyumba ile Diwani alishaitolea macho, akiona pangefaa mkahawa wa chapati za maji. Lakini hilo halikuandikwa kwenye amri, kwa hiyo halikuwepo.

Utekelezaji akakabidhiwa Bwana Hessel Wierda, Mkaguzi wa Uwazi, Daraja la Pili. Hessel aliipenda amri kama wengine wanavyompenda mchumba. Aliamini dunia iliharibika siku mtu wa kwanza aliposema "tutaelewana."

Jumatatu akafika kwa Mama Aukje na baiskeli, ubao kwapani. Akakuta pazia limefungwa. Oudeveld mapazia huachwa wazi. Ukila viazi, mtaa mzima unajua kama vina chumvi. Pazia likifungwa mchana maana yake ni moja: ndani kuna mteja. Hessel akasubiri mvuani mpaka akatoka mzee Siebren, mstaafu wa kazi ya kuzifungulia mashua milango ya mfereji, tai imenyooka, uso unang'aa.

"Umepewa huduma gani, mzee?"

"Amenisikiliza habari za goti langu mpaka mwisho," alisema Siebren. "Marehemu mke wangu hakuwahi kufika hata katikati."

Ndani, Mama Aukje alimmiminia Hessel kahawa, akafungua kopo, akampa biskuti. Kisha, na hapo ndipo Hessel aliposhika ukingo wa meza, hakulifunga kopo. Oudeveld mgeni hupewa biskuti moja na kifuniko kikalia pwaa, iwe harusini au msibani.

"Chukua nyingine."

"Hii ya pili ni bei gani?"

"Haina bei, mwanangu."

"Kitu kisicho na bei mlaji hawezi kukiamini."

"Basi usiile."

Akaila. Halafu akafungua kalamu. "Nieleze bei zako, mama."

"Nusu saa, euro hamsini. Yatakayotokea humo yanategemea mtu kaja na nini."

"Amri inataka tendo kwa tendo."

"Nikikuuzia tendo kwa tendo, utakuja na kikokotoo. Na mwanamume mwenye kikokotoo mkononi, mkono huo hauna kazi nyingine."

Hessel hakuandika hilo. "Bila bei, Ijumaa nitakifunga kioo. Si mimi, mama. Ni amri."

Mama Aukje alilitazama goti lake mwenyewe, ambalo lilikuwa bovu kuliko la Siebren. "Mguu huu hauwezi kusimama dukani, Bwana Hessel. Kiti hiki ndicho mkate wangu. Haya, bandika tuone."

Ubao ukapanda. Kusalimiwa, euro moja. Kuchekewa, mbili; kuchekewa kwa meno, tatu. Kusikilizwa habari za goti, tano kwa kila goti. Yale ambayo Diwani hakutaka yaandikwe yaliandikwa hivi: "Mengineyo, tazama kifungu cha saba." Kifungu cha saba hakikuwepo.

Watu wa Oudeveld si wa kuchezea senti. Kufika Jumatano foleni ya kusalimiwa ilifika darajani. Wanawake wawili wa kwaya walikuja kuchekewa kwa meno, wakasema kwa bei ile si haba. Mzee Siebren alipekua mfuko mara mbili.

"Goti la kulia tu," alisema. "La kushoto nitalivumilia."

Hessel aliandika kwamba imani ya mlaji imepanda. Lakini kopo la biskuti sasa lilikuwa limefungwa, kwa sababu halikuwemo kwenye ubao, na jambo hilo lilimkera bila yeye kujua alipeleke idara gani.

Alhamisi, taya zikimuuma kwa kucheka na kodi ya nyumba haijafika hata nusu, Mama Aukje aliung'oa ubao akautupa mferejini.

Ijumaa Hessel akaja na kufuli.

"Funga," alisema Mama Aukje, sauti imeshuka. "Ila ukimaliza changu, ukafunge na kile." Akaonyesha kwa kidevu.

Ng'ambo ya mfereji lilisimama jumba la halmashauri, kioo toka chini hadi paa. Diwani alilijenga hivyo ili wananchi wauone uwazi. Chini kabisa, karibu na njia, yeye mwenyewe alikuwa kitini, taa imewashwa, mguu juu ya mguu, akimchekea kwa meno bwana mmoja mwenye koti zuri.

Mwingine angecheka. Hessel alihakiki. Mtu mzima, ndiyo. Kioo, ndiyo. Wapita njia, ndiyo. Akachukua ubao wa akiba, akapanda baiskeli. Foleni ya salamu, iliyokosa kazi, ikamfuata.

Dirisha la Diwani lilikuwa limeachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa.

"Mheshimiwa, bei zako hazijabandikwa."

"Hessel, umelewa?"

"Kusikiliza unatoza kiasi gani?"

"Mimi nawasikiliza watu bure," alisema Diwani, kwa sauti ya kufika darajani.

"Naandika: bure."

"Bure?" Mwenye koti, Bwana Krijnsen mjenzi, aliinua kichwa kutoka kwenye ramani ya mkahawa wa chapati. "Tangu lini?"



"Kwa hiyo si bure," alisema Hessel, akafuta. "Ni kwa tendo, Bwana Krijnsen, au kwa nusu saa?"

"Kwa nusu saa," alisema Krijnsen, ambaye uchungu wa pesa zake ulimtangulia akili. "Na risiti hatoi."

"Biskuti je?" Siebren aliuliza kutoka nje.

"Hata moja."

Diwani aliinuka. Ofisini mwake kulikuwa na pazia la kuzuia jua, ambalo halikuwahi kuguswa, maana jua lenyewe Oudeveld huja kwa miadi. Akalivuta mpaka mwisho.

"Amri imefutwa," sauti yake ilitoka nyuma ya pazia. "Hessel, unanisikia? Imefutwa leo. Rudisha kufuli stoo."

Hessel akatia kufuli mfukoni, akashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. Watu walianza kusogea kiooni, shingo ndefu. Mama Aukje, aliyevuka daraja akichechemea, kopo kwapani, kifuniko wazi, aliwazuia kwa mkono.

"Rudini nyuma, jamani," alisema. "Muwe na heshima. Mwenzangu ana mteja."